Maiki moja, miksa tatu: barua ya wazi kwa wenye vyombo na wakuu wa matangazo

Ndugu zangu wenye kampuni za kukodisha vyombo vya muziki. Ndugu wakuu wa ufundi katika vituo vya redio na televisheni. Nanyi wajumbe wa kamati za maandalizi ya makongamano, matamasha, mikesha na mashindano ya kusoma Kurani,



Nawaandikia kuhusu kifaa ambacho ni nadra kukikuta kwenye ankara zenu: splita ya maiki yenye transfoma. Ni boksi la chuma linalopokea sauti ya maiki moja na kuigawa kwa miksa mbili, tatu au nne bila miksa hizo kugusana kwa umeme. Kwa kukosekana kwake, hotuba zinaruka hewani zikiwa na mvumo na wasomaji wanakatizwa na vishindo. Hayo peke yake yangetosha kuandikia barua, lakini kilichonisukuma niseme hadharani ni kingine. Vijana wetu wamezoea kukata waya wa ethi kwenye plagi za umeme ili mvumo uishe, na sisi wakubwa zao tunawaona, tunanyamaza, tunawalipa.

Hali yenyewe mnaijua. Jukwaani kuna msemaji mmoja na maiki moja. Miksa ya ukumbi inaitaka kwa ajili ya spika za waliokaa. Miksa ya monita inaitaka ili waimbaji wajisikie. Nje limeegeshwa gari la matangazo, nalo linaitaka. Siku hizi yupo pia kijana wa kurusha mtandaoni, ana kompyuta mpakato na miksa ndogo, naye ana haki yake. Kwenye mikutano na waandishi wa habari tumezoea kulimaliza hili kwa kurundika maiki: kila kituo kinaleta ya kwake yenye nembo, zote zinafungwa kwa selotepu mbele ya msemaji mpaka kidevu chake hakionekani. Lakini huwezi kumfungia mwimbaji maiki kumi mdomoni. Hapo ndipo anapotafutwa mwenye kebo ya Y.

Kebo ya Y ina XLR jike moja na madume mawili, nyaya zimeunganishwa pini kwa pini. Nilizowahi kuzifungua mezani kwangu zinafanana sana. Kwenye dume la kwanza pini zote tatu zimechomewa risasi vizuri. Kwenye dume la pili, ule wavu wa shaba unaozunguka nyaya mbili za ndani umekatwa milimita chache kabla ya kufika pini namba 1, ukakunjwa nyuma, ukazungushiwa selotepu nyeusi. Kwa nje hakuna alama, hata mstari wa kalamu. Aliyekata alikuwa na sababu yake: siku ile kulikuwa na mvumo, akakata, mvumo ukaisha, shughuli ikapita. Kebo ikarudi sandukuni ikachanganyika na nzima. Wiki nyingine fundi mwingine anaivuta, anaichomeka kati ya maiki ya kondensa na miksa, na maiki haitoi sauti. Anabadilisha maiki. Anabadilisha chaneli. Msemaji ameshasimama, mshereheshaji anajaza muda kwa kuwatambulisha wageni ambao wameshatambulishwa, na hakuna anayeishuku kebo kwa sababu jana ilifanya kazi na maiki ya kawaida.

Ili ieleweke kwa nini maiki ile ilinyamaza, lazima nieleze habari ya fantomu, na naomba hata wale wa kamati wasiruke sehemu hii, kwa kuwa fedha ni zenu.

Fantomu ni umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 48 ambao miksa huupeleka kwenye maiki kupitia kebo ileile inayoleta sauti. Historia yake inaanzia mwaka 1966, kampuni ya Neumann ya Berlin ilipoitengenezea redio ya taifa ya Norway, NRK, maiki ya KM 84. Maiki nyingi za kondensa za wakati huo zilitumia valvu, na kila moja ilihitaji boksi lake la umeme pembeni. Transista ziliondoa hitaji hilo, na kwa vile studio za Norway tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 kwa ajili ya taa za dharura, umeme huohuo ndio uliotumika. Namba hiyo ikabaki, na leo imo kwenye kanuni ya kimataifa ya IEC 61938, inayoruhusu ipande au ishuke kwa volti 4 tu.

Ndani ya miksa, volti hizo hupitia rezista mbili zilizo sawa, kila moja ya omu 6,800. Moja huenda pini namba 2, nyingine pini namba 3. Pini hizo mbili ndizo zinazobeba sauti, moja ikipanda nyingine ikishuka, na miksa husikiliza tofauti iliyopo kati yao. Kwa kuwa volti 48 zimekaa juu ya zote mbili kwa kiasi kilekile, tofauti ni sifuri: miksa haizisikii, na maiki ya dainamiki, ile ya kawaida isiyohitaji umeme, kama SM58, haijui hata kama zipo. Umeme huo una njia moja tu ya kurudi, nayo ni pini namba 1, yaani ule wavu wa shaba. Wavu ukikatwa, mzunguko umekatika. Maiki ya dainamiki itaendelea kusema, ya kondensa itanyamaza.

Basi pini namba 1 imebebeshwa kazi tatu kwa wakati mmoja. Inakinga sauti isiingiliwe na taa, simu na nyaya za umeme. Inarudisha fantomu. Na kwa kuwa upande wa pili imeshikana na kasha la chuma la miksa, inaunganisha ethi ya kifaa kimoja na ethi ya kingine. Kazi ya kwanza na ya pili tunazitaka. Ya tatu ndiyo inayoleta mvumo, na fundi anayekata wavu ili aiondoe anazipoteza zote tatu pamoja.

Hebu sasa tuchukue kebo ya Y ambayo haijakatwa kitu. Miksa mbili zimeshika maiki moja ya kondensa, na kila fundi ana swichi yake ya 48. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Maiki inayotumia miliampea 4 hupata volti kama 34 kutoka kwenye miksa moja, kwa sababu rezista mbili za 6,800 zikiwa sambamba ni omu 3,400, na mkondo huo ukipita hapo unapoteza volti 13.6. Hivyo ndivyo mtengenezaji alivyoikusudia iishi. Ongeza miksa ya pili ambayo fantomu yake imezimwa. Ziko miksa ambazo swichi ikizimwa rezista zile hazibaki zikielea, hushushwa kwenye sifuri, na hapo umeme wa miksa ya kwanza unagawanyika: sehemu inakwenda kwenye maiki, sehemu inamwagikia miksa ya pili. Kinachobaki kwa maiki kinaweza kuwa volti 17. Maiki haifi, inatoa sauti nyembamba inayokwaruza kila msemaji anapopaza, na fundi anahangaika na EQ kutafuta ugonjwa usiokuwa huko.

Zikiwashwa zote mbili, volti zinapanda hadi 41 hivi, na kwa kawaida maiki haiungui. Balaa huja pale mmoja anapoigusa swichi katikati ya shughuli. Kwenye mlango wa kila miksa kuna kapasita zinazozuia volti 48 zisiingie kwenye sakiti ya kukuza sauti. Swichi ikiguswa, au kebo ikichomolewa wakati fantomu inawaka, kapasita za miksa zote mbili zinajaa au kumwaga kwa mpigo. Mwaka 2001 wahandisi Gary Hebert na Frank Thomas walieleza mbele ya Jumuiya ya Wahandisi wa Sauti, AES, jinsi mmwago huo unavyoweza kuharibu mlango wa miksa yenyewe. Kwa sikio la mtu ni kishindo.

Nilikuwepo kwenye mashindano fulani ya Kurani ambapo msomaji alikuwa ameshusha sauti mwisho wa aya, akavuta pumzi, ukumbi mzima kimya. Gari la matangazo lilikuwa limechelewa. Fundi wake akachomeka kwenye kebo ya Y, akaona hapati sauti ya kutosha, akagusa swichi ya 48 bila kuuliza. Kishindo kilitoka kwenye spika zote za ukumbi na kwenye kila redio iliyokuwa imefunguliwa kituo kile. Mzee aliyekaa safu ya mbele alishika kifua. Watoto wakalia. Msomaji, kijana mdogo aliyejiandaa mwaka mzima, alipoteza mahali alipofikia, na hata baada ya waamuzi kumruhusu aanze upya sauti yake haikurudi ilivyokuwa. Hakuna aliyeombwa radhi, kwa sababu hakuna aliyejua nani amefanya nini. Fundi wa ukumbi alimlaumu fundi wa gari, fundi wa gari akailaumu kebo.

Dawa ya hayo yote ni ya siku nyingi. Transfoma ina koili mbili au zaidi zilizozungushwa kwenye chuma kimoja, wala waya wa koili moja haugusi wa nyingine. Sauti, kwa kuwa ni mkondo unaopanda na kushuka, inavuka kwa njia ya sumaku. Mkondo mnyoofu hauvuki. Splita inayotumia transfoma ina matundu ya aina mbili. Tundu moja ni la moja kwa moja: waya mtupu kutoka kwenye maiki hadi kwenye miksa, na fantomu inapita hapo peke yake. Matundu mengine yametengwa, kila moja lina koili yake. Miksa iliyoshika tundu lililotengwa hata ikiwasha fantomu, volti 48 zinaishia kwenye koili, sawa pande zote mbili, na hazina pa kwenda. Yule fundi wa gari angegusa swichi yake mara ishirini na msomaji asingejua.

Kati ya koili na koili, kwenye transfoma iliyotengenezwa vizuri, kuna kinga nyembamba ya shaba iitwayo kinga ya Faraday, na kinga ya kila upande huunganishwa na pini namba 1 ya upande huo. Usafi wa sauti unategemea sana jambo hili, na ndilo la kwanza kuachwa kwenye vifaa vya bei ya kutupa. Kwenye kila tundu lililotengwa kuna swichi ya kukata ethi. Ikibanwa, pini namba 1 ya tundu hilo inaachana na ya maiki, na sauti inaendelea kupita kama kawaida. Swichi hiyo haipaswi kuwepo kwenye tundu la moja kwa moja, kwa kuwa ukiikata pale umeikata fantomu. Ukikuta splita yenye swichi hiyo kwenye tundu la moja kwa moja, au splita inayokata pini namba 1 za matundu yote kwa kitufe kimoja, iache dukani.

Nani apewe tundu la moja kwa moja? Nimesikia mabishano mengi juu ya hili, na kwa maoni yangu ni miksa inayofika kwanza na kuondoka mwisho, inayokula umeme wa jukwaani. Mara nyingi ni ya monita au ya ukumbi. Lisiwe gari la matangazo, hata kama ndilo lenye vifaa vya gharama kuliko wote, kwa sababu gari huzima mitambo muda wake wa hewani ukiisha, na likizima linaondoka na umeme wa kila maiki ya kondensa wakati kwaya bado inaimba.

Najua mtaniambia habari ya bei. Ni kweli, transfoma nzuri ina bei. Chuma chake kimechanganywa na nikeli nyingi, na wanaozitengeneza kwa uangalifu ni wachache, kama Jensen ya Marekani na Lundahl ya Sweden. Transfoma hafifu inashiba upesi: ngoma nzito ikipigwa karibu na maiki, sauti za chini zinapinda na kukwaruza. Lakini splita haina kifaa kinachozeeka upesi ndani yake, haihitaji betri, haitaki programu mpya kila mwaka. Kampuni inayonunua taa za rangi kila msimu inaweza kununua splita ya chaneli nane na kuitumia kwa miaka mingi sana.

Sasa nije kwenye mvumo, na hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize kuliko popote.

Miksa ya ukumbi imechomeka umeme kwenye soketi ya nyuma ya ukumbi. Miksa ya monita imechomeka jukwaani. Gari la matangazo lina jenereta lake. Kila mmoja ana ethi, lakini ethi hizo hazilingani hata siku moja. Kati ya kasha la miksa hii na kasha la ile kunaweza kuwa na volti kidogo, wakati mwingine volti moja au mbili, zinazotokana na mikondo inayovuja kutoka kwenye taa, viyoyozi na mafriji. Mkiunganisha makasha hayo kwa wavu wa kebo ya maiki, mkondo unapita humo. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na hiyo ndiyo sauti nzito mnayoisikia chini ya hotuba. Ule ukali wa kama nyuki unaoongezeka juu yake ni ndugu zake wa 100, 150 na kuendelea.

Mwaka 1995, Neil Muncy, mhandisi wa sauti, aliandika katika jarida la AES kwamba kosa kubwa lilikuwa ndani ya mashine zenyewe. Watengenezaji walichukua pini namba 1 wakaipeleka kwenye ubao wa sakiti badala ya kuifunga moja kwa moja kwenye kasha la chuma pale kebo inapoingilia. Mkondo wa kwenye wavu, badala ya kupita nje, ukawa unatembea katikati ya sakiti ya sauti. Mafundi wa dunia nzima wameliita tatizo la pini namba 1, na mwaka 2005 AES ikatoa kanuni yake, AES48, inayosema wavu ufungwe kwenye kasha. Miksa nyingi za bei nafuu tunazoletewa bado hazifuati kanuni hiyo, ndiyo maana kampuni mbili zenye kebo zilezile zinapata mvumo tofauti.

Kwa splita yenye transfoma, mvumo wa aina hii unaisha kwa kubana swichi ya kukata ethi kwenye tundu lililotengwa. Bila splita, kijana wa watu anatafuta pengine pa kukata. Anakwenda kwenye plagi ya miksa. Plagi zetu za pini tatu zina pini ndefu ya juu, ya ethi, na anafungua plagi, anaondoa waya wa kijani na njano, anaifunga. Au anaunga kebo ya pini mbili, anachomeka kalamu ya wino kwenye tundu la ethi la soketi ili vifuniko vya ndani vifunguke, anaisukuma plagi ya pini mbili kwa nguvu. Mvumo unaisha papo hapo. Watu wanampongeza.

Hebu tazameni alichokifanya. Kasha la miksa ile halina tena njia yake ya ethi. Njia pekee iliyobaki ni wavu wa kebo za maiki zinazokwenda kwenye miksa nyingine, nyuzi za shaba nyembamba kuliko uzi wa kushonea viatu. Siku waya wa moto utakapolegea ndani ya miksa na kugusa kasha, umeme utakimbilia kwenye wavu huo. Wavu utaungua kabla fyuzi ya ampea 13 haijakatika, au fundi mwenzake wa upande wa pili, asiyejua kitu, atabana swichi ya kukata ethi kwenye kebo yake. Kuanzia hapo kasha lina volti 230, na kila kilichoshikana nalo kwa chuma kina volti 230. Ikiwa ni miksa iliyoshika maiki moja kwa moja, hata wavu wa kichwa cha maiki una volti hizo. Mwimbaji ameshika gitaa lenye nyuzi zilizoungana na ethi ya ampu yake. Mkono mmoja uko kwenye nyuzi, anasogeza mdomo kwenye maiki.

Mei 3, 1972, Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows kutoka Uskoti, alipigwa na umeme jukwaani mjini Swansea, Wales, alipogusa maiki ambayo haikuwa na ethi huku mkono wa pili uko kwenye gitaa. Alikufa. Miaka zaidi ya hamsini imepita, chanzo kinajulikana, kinga inajulikana, na sisi bado tunachomeka kalamu kwenye soketi.

Jenereta lina hatari yake ya pekee. Wengi wanadhani kupiga nondo ya shaba ardhini nyuma ya gari kunatosha. Kwenye mchanga mkavu nondo moja inaweza kuwa na ukinzani wa omu 100 na zaidi. Volti 230 gawanya kwa 100, unapata ampea 2.3, na fyuzi ya ampea 13 haitatikisika. Kasha litabaki na moto mpaka mtu aliguse. Kinachokata umeme kwa haraka ni waya wa ethi unaorudi hadi kwenye jenereta lenyewe, pale nyutro ilipofungwa na fremu yake, pamoja na kikatishi cha uvujaji cha miliampea 30. Ulizeni mafundi umeme wenu kama jenereta mnalokodi limefungwa hivyo. Wakijibu kwa kusitasita, msiwashe.

Kuna kipimo cha dakika moja ambacho ningependa kiwe desturi kama kupima sauti. Kabla ya kuunganisha kebo yoyote kati ya miksa mbili, weka multimita kwenye volti za mkondo geu, ncha moja kwenye chuma cha kasha la hii, nyingine kwenye la ile. Ukisoma volti moja au mbili, endelea, hiyo ni kazi ya splita. Ukisoma mamia au karibu ya hapo, simamisha kila kitu mpaka ijulikane ni nani hana ethi. Kompyuta mpakato yenye chaja ya pini mbili itakuonyesha namba kubwa pia, na ndiyo inayotekenya mkono ukiigusa. Mara nyingi huo ni uvujaji mdogo wa chaja, lakini usiuache uingie kwenye miksa, ipitishe kwenye boksi la DI lenye transfoma.

Wako watakaosema mambo haya yanapitwa na wakati kwa sababu sasa kuna maboksi ya dijitali jukwaani, sauti inageuzwa namba pale pale na kusafiri kwa mtandao kama Dante au kwa faiba. Ni kweli, na faiba haipitishi ethi kabisa, ni nzuri mno. Lakini hapo napo maiki ina fantomu moja na kipandisho kimoja cha sauti, na lazima ajulikane mwenye mamlaka nacho. Isitoshe, gari la kituo kimoja likiwa na mtandao wa aina moja na ukumbi una wa aina nyingine, tunarudi kwenye kebo ya shaba, na tunarudi kwenye splita.

Wenye kampuni za vyombo, naomba splita yenye transfoma iingie kwenye ankara kila panapotajwa matangazo ya moja kwa moja, iandikwe kwa jina lake na bei yake, mteja aione. Kebo zenye pini namba 1 iliyokatwa zina kazi yake halali kwenye laini zisizo za maiki. Zifungwe utepe mwekundu, ziandikwe, ziwekwe sanduku la peke yake. Kijana anayekata ethi ya plagi asisifiwe kwa kuondoa mvumo. Afundishwe, na akirudia asimamishwe kazi, kwa sababu anachezea roho za watu.

Wakuu wa ufundi wa vituo, magari yenu yawe na transfoma zenu wenyewe kwenye laini mnazopokea, msitegemee ukarimu wa mtu wa ukumbi. Mafundi wenu wakatazwe kuwasha fantomu kwenye laini ya mtu bila kuuliza, na wafike mapema, waunganishe kabla milango haijafunguliwa. Kwa mikutano na waandishi wa habari, boksi moja la wanahabari lenye transfoma kwenye kila tundu lingewatosha nyote, na wananchi wangeuona uso wa anayezungumza.

Nanyi wa kamati, mnaopanga bajeti ya maua, mabango na chakula: kwenye kikao chenu kijacho ulizeni maswali mawili tu, maiki itagawanywa kwa kifaa gani, na nani peke yake ataishika fantomu. Jina la mtu huyo liandikwe kwenye ratiba, na kila fundi atakayefika apewe ratiba hiyo.

Mwisho, nawaomba nyote: kabla ya shughuli yenu inayofuata, zungukieni plagi za miksa, ampu na jenereta, mkianza na zile za jukwaani. Penye waya wa ethi uliokatwa, urudishwe kabla umeme haujawashwa. Kama mvumo utabaki baada ya hapo, ubaki mpaka splita ipatikane.

Wenu katika kazi,
Fundi sauti, Dar es Salaam